Kiangazi: tuhesabu bidoni kabla ya kuhesabu mbegu



Tuko katikati ya kiangazi. Hapa Bukavu mvua ilituaga mwezi wa sita, na hatuingojei kwa kweli kabla ya mwezi wa tisa. Vumbi imefunika majani ya migomba kando ya barabara, udongo wa vilima umekuwa mgumu, na sokoni kifungu cha lengalenga kimekonda huku bei yake ikiwa haikukonda. Siku ambayo barabara ya Kabare au ya Walungu ina shida, mboga haifiki kabisa, na mama anarudi nyumbani na kikapu chepesi.

Ndiyo sababu juma hili maulizo mengi tuliyopokea yanafanana. Wamama wanauliza: je, tufunge bustani mpaka mvua irudi? Au tuendelee, tukauke sisi wenyewe kwa kuchota maji?

Jibu letu ni hili: tusifunge, lakini tupunguze. Bustani ya kiangazi haipimwi kwa ukubwa wa palseli, wala kwa wingi wa mbegu tulizo nazo. Inapimwa kwa bidoni. Kwanza tuhesabu bidoni ngapi za maji nyumba yetu inaweza kutoa kila siku kwa bustani, bila mtu kuumia. Kisha tupande sawasawa na hesabu hiyo, si zaidi.

Hesabu yenyewe ni hii

Katika kiangazi, mahali pa metre 1 kwa metre 1 penye mboga panakunywa karibu lita 4 mpaka 5 za maji kwa siku. Bidoni yetu ya kawaida ni lita 20. Basi bidoni moja inatosha tuta moja la upana wa metre 1 na urefu wa metre 4. Kumbukeni hesabu hiyo: bidoni moja kwa siku, tuta moja la metre 4.

Ikiwa nyumba yako ina bidoni mbili kwa ajili ya bustani, lima matuta mawili. Ikiwa una bidoni moja, lima tuta moja na ulitunze vizuri. Mama mwenye tuta moja lililonyeshwa vizuri atavuna zaidi ya mama mwenye matuta sita yenye kiu. Mboga yenye kiu haikui: inatoa maua mapema, majani yanakuwa magumu na machungu, na wadudu wanaishambulia. Maji yaliyomwagwa kidogo kidogo mahali pengi ni maji yaliyopotea.

Kwa wenzetu walio Uvira na katika uwanda wa Ruzizi, hesabu ni kali zaidi. Sisi tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na usiku unatusaidia kwa baridi. Wao wako chini, jua ni kali na upepo unakausha. Huko tuta lile lile la metre 4 linaweza kuomba bidoni moja na nusu.

Wale wanaonunua maji wafanye hesabu ya pili. Lengalenga inakaa karibu siku 28 tangu kupanda mpaka kuvuna. Bidoni moja kila siku ni bidoni 28. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bidoni inauzwa franga 200: hiyo ni franga 5,600 za maji kwa tuta moja. Sasa uliza: tuta langu litatoa vifungu vingapi, na vifungu hivyo ningevinunua kwa bei gani sokoni? Weka bei ya kwenu mahali pa ile tuliyoandika. Kama hesabu inakataa, usimwagilie mboga kwa maji ya kununua. Tumia maji ya jikoni peke yake, na upande kwenye mfuko, sawa tutakavyoeleza hapo chini.

Nani anabeba maji hayo?

Hapa inafaa tuongee bila kuficha. Bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Kwenye vilima vyetu, chemchemi iko chini na nyumba iko juu. Na sasa watoto wako kwenye vakansi. Katika nyumba nyingi, mama akisema "tunaanza bustani ya kiangazi," maana yake ni kwamba msichana wa miaka 11 au 12 ataongezewa safari mbili za maji kila siku juu ya zile alizokuwa nazo, na kaka yake atacheza mpira.

Sisi tunasema: bustani ambayo inalipwa na mgongo wa msichana mmoja si bustani ya familia. Tunaomba kila nyumba ikae pamoja jioni moja, baba akiwemo, na igawanye safari za maji kwa majina. Baba ana safari yake, mvulana ana yake, mama ana yake, msichana ana yake. Mtoto asibebe bidoni ya lita 20. Apewe ya lita 5, au ya lita 10 kama ni mkubwa. Na safari zote zifanyike mchana. Hakuna tuta la lengalenga ambalo linastahili mtoto atumwe kwenye chemchemi wakati wa giza, hata kama foleni ya mchana ni ndefu.

Kama baada ya kugawanya hivyo mnapata bidoni moja tu, basi bustani yenu ya kiangazi ni bidoni moja. Hilo si aibu.

Kuna jambo jingine zuri ambalo familia nyingine zinafanya: mtoto anayesaidia kubeba anapewa sehemu ya tuta, hata metre 1 tu, iwe yake. Anachagua mbegu, anapalilia, anavuna, na mboga ikiuzwa, pesa ni ya madaftari yake ya mwezi wa tisa. Mtoto wa namna hiyo hatusumbui kumwambia amwagilie. Tena anajifunza mapema kwamba kazi ya mikono ina bei, na kwamba bei hiyo inaweza kuwa yake.

Tuta la kiangazi halipandi, linashuka

Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yapite na mizizi isioze. Wakati wa kiangazi tunafanya kinyume. Tuta lililoinuliwa linakauka pande zote kwa upepo. Basi lichimbwe liwe chini kuliko njia, kina cha kiganja kimoja, na udongo uliotoka uwe ukingo mdogo kuzunguka. Hivyo maji unayomwaga yanabaki ndani. Kwenye kilima, tuta lilale kukata mteremko, lisielekee chini. Kama sivyo, utamwagilia bustani ya jirani.

Ndani ya tuta changanya mbolea iliyooza vizuri: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya sungura au ya simbilisi, pamoja na maganda ya jikoni yaliyokaa shimoni mpaka yakawa meusi na kupoteza harufu. Mbolea hiyo haileti chakula cha mmea peke yake. Inashika maji sawa sifongo. Lakini mbolea mbichi isiwekwe: inaunguza mizizi, tena inaleta minyoo na magonjwa ya tumbo kwenye mboga tunazokula.

Kisha funika. Kama mama atashika jambo moja tu katika karatasi hii baada ya hesabu ya bidoni, ashike hili: udongo usiachwe uchi. Maharagi yamevunwa mwezi wa sita na maganda yake yanalala nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo blanketi nzuri kupita zote. Nyasi kavu isiyo na mbegu inafaa pia, na majani makavu ya migomba yaliyokatwa vipande. Weka unene wa vidole vitatu au vinne kati ya mistari, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Udongo uliofunikwa unabaki baridi, magugu hayaoti ovyo, na maji uliyomwaga asubuhi bado yapo jioni. Mwenye kuku azungushie miti midogo, maana kuku akiona maganda hayo anadhani ni karamu yake.

Tahadhari moja juu ya migomba. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba uliingia nchini kwetu mwaka 2001 kupitia Masisi, Kivu ya Kaskazini, na umekula mashamba mengi tangu hapo. Unajulikana kwa majani kunyauka yakiwa na rangi ya manjano, ndizi kuiva bila wakati, na uji wa manjano kutoka mahali palipokatwa. Usichukue majani ya mgomba wa namna hiyo kufunika bustani, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Kiangazi ni wakati mzuri wa kusafisha migomba, lakini tuisafishe bila kutembeza ugonjwa.

Namna ya kumwagilia

Tumwagilie asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Asiyeweza asubuhi, afanye jioni, lakini amwage chini kwenye udongo, si juu ya majani, kwa sababu majani yakilala na maji yanapata kuvu. Saa sita ya mchana tusimwagilie: nusu ya bidoni inapanda mbinguni kabla ya kufika kwenye mzizi.

Miche michanga na mbegu zinataka maji kidogo kila siku. Lakini mboga iliyokwisha kushika inapenda kunywa sana mara moja, kisha kungoja. Maji ya juu juu kila siku yanafundisha mizizi kukaa juu, na siku bidoni ikikosekana, mmea unaanguka. Kwa hiyo kwa nyanya na matembele, mpe bidoni nzima leo, na kesho ruka. Kama huna uhakika, ingiza kidole katika udongo mpaka kwenye kiungo cha pili. Ukikuta ubichi, ngoja. Ukikuta vumbi, mwagilia.

Kwa nyanya kuna njia ya chupa. Chukua chupa ya plastiki, itoboe matundu madogo matatu au manne upande wa chini kwa sindano iliyopashwa moto, uizike kando ya mche mpaka shingoni, uijaze maji na ufunge kifuniko bila kukaza. Maji yanatoka polepole karibu na mizizi, na hakuna tone linalonyesha magugu.

Maji ya jikoni nayo ni mali. Maji ya kuoshea mchele, maharagi, mboga na matunda yaende bustanini yote. Maji ya sahani yenye sabuni kidogo na mafuta yaende kwenye migomba au mti wa avoka, si kwenye mboga za majani. Lakini maji ya kufulia yenye sabuni ya unga au javeli, na maji yaliyofua nguo za mtoto mchanga, yasimwagwe kwenye chakula.

Tupande nini sasa?

Lengalenga iwe ya kwanza. Inakua haraka, na watoto wanapata kutoka humo damu na nguvu ya macho. Usipande tuta zima siku moja. Gawa lile tuta la metre 4 katika sehemu nne, upande sehemu moja kila juma. Juma la tano, wakati sehemu ya kwanza imevunwa, unaipanda tena. Hivyo nyumba ina mboga kila juma, haina mboga nyingi siku moja na sahani tupu siku zinazofuata. Ukivuna kwa kukata, acha kishina chenye majani mawili au matatu, kitachipuka tena.

Matembele yafuate. Kipande cha mmea chenye urefu wa mkono mmoja kinatosha, ukizike nusu yake kikiwa kimelala. Yakishashika, yanavumilia kiu kuliko mboga nyingine na yanafunika udongo yenyewe.

Nyanya inapenda kiangazi kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa mvua, ugonjwa wa kuoza unachoma majani na matunda kwa siku chache, na wamama wengi wanapoteza kila kitu au wanamaliza pesa kwa dawa. Kwenye ukavu ugonjwa huo unapungua sana. Miche inayohamishwa sasa itaanza kutoa matunda kuelekea mwisho wa mwezi wa tisa. Mmea mmoja ufungwe kwenye mti mmoja, na matawi madogo ya kwapani yatolewe. Kwa mwenye maji kidogo, mimea sita ya nyanya yenye chupa inatosha kwa mchuzi wa nyumba.

Shu la kufunga tuliache kwa wenye shamba karibu na maji au katika bishanga. Linakaa karibu miezi mitatu likinywa kila siku. Kwa mama wa mjini, shu moja la kiangazi linaweza kumaliza bidoni nyingi kuliko bei yake.

Kwa mwenye palseli ndogo kabisa, au anayepanga na hana udongo, mfuko wa mchele unatosha. Weka mawe madogo katikati toka chini mpaka juu kama nguzo, udongo uliochanganywa na mbolea kuzunguka mawe, na toboa matundu ubavuni kwa ajili ya miche. Maji unayamwaga juu ya mawe, yanashuka na kunywesha pande zote. Mfuko ukae mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Maji ya kuoshea mchele na mboga ya nyumba yanaweza kuulisha bila kununua bidoni hata moja. Na mwenye nyumba akikuhamisha, unahama na bustani yako.

Sombe na mihogo: jikoni tusikate njia

Muhogo unavumilia kiangazi kwa sababu mizizi yake inakwenda chini. Kwa hiyo sombe inabaki wakati mboga nyingine zinakwisha. Lakini kuna mambo mawili ya kujua.

La kwanza, usivue mti wote. Chuma majani machanga ya matawi machache, uache mengine. Mti uliovuliwa uchi katika ukavu unapunguza mizizi, na utalipa baadaye.

La pili ni la afya. Muhogo una sumu yake, na muhogo ulioteseka kwa kiu unakuwa na sumu zaidi. Wakati huo huo, maji yakiwa machache, mama anajaribiwa kulowanisha mihogo michungu siku moja mahali pa tatu, au kupika sombe haraka haraka. Tafadhali, tusifanye hivyo. Ugonjwa wa konzo, ule unaokaza miguu ghafla na haurudi nyuma, daktari Trolli aliuandika huko Kwango mwaka 1938, na mpaka leo unapiga watoto na wamama mahali ambapo watu wanakula mihogo michungu isiyolowanishwa vizuri, bila maharagi wala samaki pembeni. Mihogo michungu ikae majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kisha ikauke juani vizuri. Sombe itwangwe mpaka ilainike, ichemke muda mrefu, na mwanzoni chungu kikae bila kifuniko. Bidoni ya kulowanisha mihogo haikatwi ili kumwagilia maua. Ikiwa lazima kuchagua, bustani ingoje.

Wadudu wa ukavu

Kiangazi kina wadudu wake. Kwenye nyanya na biringanya wanakuja wale wadogo wekundu, wadogo kuliko ncha ya sindano, wanaofuma utando chini ya jani mpaka jani linakuwa na madoa ya manjano. Wanapenda vumbi. Osha upande wa chini wa majani kwa maji asubuhi, mara mbili kwa juma, na toa majani yaliyokwisha kuharibika. Kwenye shu na maharagi wanakuja wale wanaokaa kwa makundi na kuacha utomvu unaonata. Yeyusha kijiko kimoja cha sabuni ya kipande iliyokwanguliwa katika lita moja ya maji, nyunyiza jioni, na kesho asubuhi suuza. Majivu ya jikoni yanasaidia kuzunguka miche dhidi ya wadudu wanaotambaa, lakini yasizidi: udongo unaharibika.

Na mwenye kuvuta au kunusa tumbako anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Kuna ugonjwa wa majani ambao unatoka kwenye tumbako na kuhamia nyanya kupitia vidole.

Tutayarishe mwezi wa tisa

Bustani ya mvua inaanzia sasa. Kuelekea katikati ya mwezi wa nane, tengeneza pepinyeri, ni kusema kitalu cha miche: mahali padogo pa metre 1 kwa metre 1, udongo laini uliochekechwa, mistari yenye nafasi ya vidole vinne, mbegu zifunikwe kidogo tu. Juu weka nyasi; mbegu zikiota, toa nyasi mara moja na uinue paa dogo la majani kwa kivuli. Siku kumi za mwisho, punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Shu na nyanya vitakuwa tayari kuhamishwa baada ya majuma manne au matano, wakati mvua inarudi. Kwa kitalu hicho robo ya bidoni kwa siku inatosha, na kinatayarisha shamba zima.

Mbegu za maharagi ya mwezi wa sita zikaguliwe juma hili. Zikitoboka, zipepete, uzianike, uzichanganye na majivu makavu, na uzifungie katika bidoni kavu iliyojaa mpaka juu na kukazwa vizuri. Wadudu wakikosa hewa wanakufa. Katika lengalenga yako, chagua mimea miwili mizuri kupita yote, usiichume kabisa, iache itoe mbegu. Usichague ile iliyoharakisha kutoa maua. Lakini mbegu za nyanya au shu zilizotoka kwenye pakiti yenye alama F1 usizihifadhi kwa kupanda tena: watoto hawatafanana na mama.

Na mvua ya kwanza isitudanganye. Mara nyingi mwishoni mwa mwezi wa nane inanyesha siku moja kwa nguvu, watu wanakimbia na mbegu za maharagi, kisha jua linarudi majuma mawili na kila kitu kinaungua. Baada ya mvua hiyo, chimba kwa jembe. Ikiwa ubichi haujafika urefu wa kiganja, tayarisha udongo, lakini mbegu zikae nyumbani.

Kazi za juma hili

Kwanza, jioni moja ya familia, tuhesabu bidoni na tugawanye safari kwa majina. Pili, tushushe tuta moja na kulifunika kwa maganda ya maharagi. Tatu, tupande metre 1 ya lengalenga, si zaidi. Nne, tuweke beseni moja jikoni la kukusanya maji ya kuoshea mchele na mboga. Tano, tukague mbegu.

Siku ya posho, baada ya mkutano, wenye vipande vya matembele wavilete na wasio navyo wachukue. Hakuna malipo, atakayechukua leo ataleta mwaka kesho. Na mama ambaye ni mgonjwa, au ambaye amejifungua, au ambaye anazeeka peke yake na hana wa kumbebea, atueleze bila haya. Bidoni moja kutoka nyumba saba tofauti, kila nyumba siku moja ya juma, ni tuta zima la mama huyo, na hakuna nyumba itakayohisi uzito.

Juma lijalo tutaongea juu ya simbilisi na sungura: namna ya kuwalisha wakati nyasi zimekauka. Mpaka hapo, Mungu awalinde, na vyungu vyenu visikose mboga.